Mvinyo wa Ndizi na Mtama

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa,

Habari za Butembo? Huku Bunia tuko salama, mvua tu inatusumbua.

Jana mwenyeji wangu, Mama Riziki, alinipeleka kwao, njia ya Bogoro, nionje mvinyo wa ndizi. Unaanza mtamu, kisha uchachu wa mtama unabaki ulimini. Ndizi ni zake. Mtama unatoka kilima cha pili, kwa watu waliopigana na watu wa kwao, na muda wote wa vita hiyo hakuna aliyetengeneza mvinyo huu.

Mzee mmoja wa kilima hicho, aliyeleta mtama, alikuwa akinijazia kibuyu kwa upole. Mama Riziki akasema, kama anayesimulia habari za soko, "Huyu muzee ndiye alichoma nyumba yangu."

Mzee aliangalia chini. "Ni kweli," akasema.

Nikamuuliza Mama Riziki anawezaje kunywa naye.

"Sijamusamehe," akanijibu. "Lakini bila mtama wake, ndizi zangu zinaoza."

Kisha akamnyooshea mzee kibuyu chake, mzee akakijaza, naye mama akanywa akimtazama usoni.

Hadi sasa moyo haujatulia, yaya. Nibusie watoto, na Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Mdogo wako, Masika