Jina Unalotaka Kulifuta

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie wewe na mkwe wangu. Je, miguu yake imepungua kuvimba? Na wewe unakula? Mimi mzima. Tangu barua yako ifike nimeunguza kola mbili za wateja kwa pasi, na barua hii naianza mara ya tatu. Vumilia mwandiko wangu wa darasa la tatu.

Unasema wenzako hapo kiwandani wamefungua Biblia wakamkuta mfalme Menahemu, katili aliyepasua matumbo ya wajawazito, na sasa wanakuita Mfalme Kisu. Mkeo, na mimba yake ya miezi minane, hataki tena kulitamka jina lako. Ijumaa unakwenda ofisini kwa wakili kuapa ulibadilishe. Unaniuliza nilikuwa na akili gani.

Nimekimbia kwa mchungaji na povu la sabuni mikononi. Kacheka kwanza, akasema wajina wako akiiba kuku hufungwi wewe. Kisha akafungua kitabu kinene, akasema hilo ni neno la Kiebrania, maana yake mfariji, na shina lake ndilo la Nahumu na Nehemia, wote hao ni faraja tupu. Mfalme yule alilibeba tu, hakulitunga. Akaongeza kwamba zamani wenye lugha yao waliweza kumpa jina hilo mtoto aliyezaliwa baada ya msiba. Akaniuliza, sasa mama, wewe ulifiwa na nani? Nikabeba kapu langu, nikaondoka bila kuaga.

Mwanangu, nilikudanganya kwamba babu yako ndiye aliyelichagua. Ni mkunga aliyenizalisha, tena mara mbili. Wewe si kifungua mimba. Mwaka mmoja kabla yako nilipata mtoto wa kiume, akaishi siku tisa. Baba yako, Mungu amrehemu, alitaka jina hili, mimi nataka lile. Tukavutana weee, mpaka mtoto akaondoka hana jina. Nikaona aibu, nikanyamaza miaka thelathini. Ulipolia wewe, mkunga akakulaza kifuani pangu, akasema huyu ni Menahemu, na safari hii msibishane.

Sikuzuii. Amani ya mkeo kwanza. Lakini ukiliacha hiyo Ijumaa, usilitupe huko ofisini. Niandikie upesi, nimpe kaka yako.

Msugue mkwe wangu mgongo kwa niaba yangu, na asinyanyue ndoo. Jibu lako nalingoja nimesimama.

Ni mimi,
mama yenu.