Chungu cha Bibi Kimo Humu Humu

Kambi ya reli, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Mbukwa, mama. Umeamkaje huko Kibakwe, na magoti yamekuachaje baada ya mavuno? Sisi tu wazima, ila maji ya hapa yana chumvi, na mkweo Chiduo mgongo unamsumbua kwa kubeba vyuma vya reli. Mjukuu wako Mbeleje amerefuka, na mdomo wake umerefuka naye.

Mama, kichwa changu hakijatulia. Nakuandikia unisaidie kufikiri.

Unakijua chungu ulichonipa nilipoolewa, kile ulichochanganyia vigae vya chungu cha bibi ili bibi anifuate kwa mume. Mjerumani mmoja wa hapa kambini alikiona mlangoni kwangu, akakipenda. Kilikuwa na ufa mdomoni lakini hakujali. Akasema wanawake sasa wananunua sufuria za bati dukani, vyungu vitakwisha, na yeye anataka hiki kisipotee. Atakipeleka kwao Ulaya, kikae katika nyumba kubwa, watu wawe wanakitazama miaka yote. Akanipa kanga. Nikakubali, ila nikamwomba siku chache nikitengeneze, maana niliona aibu kumpa mgeni chungu chenye ufa.

Basi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikakivunja, nikakisaga, nikachanganya na udongo wa bondeni, nikafinyanga upya, bega lile lile, alama zile zile za shingoni. Siku hizo tulipakulia ugali kwenye kipande cha mtungi. Ndiyo hivyo, mfinyanzi hulia gaeni. Nikakichoma kwa samadi, kikatoka kizuri, ukikigonga kinalia. Nikampelekea kwa furaha.

Akakigeuza geuza. "Cha zamani kiko wapi?"

"Ndicho hiki, Bwana."

"Hiki ni kipya. Nauliza kile chenye ufa."

"Kimo humu humu. Na cha bibi yangu kimo."

Akakaa juu ya sanduku, akashika kichwa. "Mama Mbeleje," akasema taratibu, "umekiua."

Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Chungu nakiona mikononi mwake, naambiwa kimekufa. Akanirudishia, na kanga hakutaka nizirudishe. Sasa nakipikia mlenda.

Mama, kati yangu na yule Bwana, nani asiyejua? Chungu kisichovunjika kitaingiaje katika chungu kingine? Mimi naona hicho ndicho maiti. Halafu namtazama Mbeleje. Nikimwita tukanyage udongo, ananijibu kwamba bati halivunjiki. Asipojifunza, vigae nitamsagia nani? Hapo naona huenda yule Bwana hasemi uongo. Asubuhi niko upande wake, jioni niko upande wako, na nimechoka kwenda na kurudi.

Na kuna baya zaidi. Ulimi hauna mfupa. Nilipotaka kumtuliza, nilimwambia kuwa kile chungu kikubwa cha pombe, alichokifinyanga bibi mwenyewe, bado kiko kwako. Macho yakamng'aa. Mtu aliyekuletea barua hii ametumwa kukichukua kizima, na amebeba nguo na chumvi za kukupa. Mama, ni cha mwisho chenye mkono wa bibi. Nilikuwa nangoja siku kitakapopasuka chenyewe, uniwekee vigae vya kumchanganyia Mbeleje akiolewa. Kikienda Ulaya, Mbeleje ataondoka kwangu peke yake, bila bibi.

Nisalimie baba, umwambie nimesikia kuhusu ng'ombe wake na nimesikitika. Nisalimie shangazi asiyeona, mwambie mikono yangu bado inanuka udongo kama anavyopenda. Na kaka Lemanya anayekusomea, ashushe sauti hapa, maana mjumbe ana masikio.

Sikuambii umpe wala umnyime, kwa sababu sijui. Ila ukimpa, kwanza kigonge mdomoni kwa jiwe, kidogo tu, kama kilichojikwaa njiani. Kipande kitakachoanguka kifunge kwenye kitambaa, umkabidhi huyo huyo mjumbe, na umwambie ni dawa ya tumbo ya mjukuu wako.

Mwanao,
Matika