Kiti cha Dereva

Baba watoto,

Sisi wazima, mgonjwa ni gari lako. Rejeta ilivuja mpaka nikawa siendi popote bila dumu la maji. Mpya hatuiwezi, na ya mtumba fundi haiamini, basi ameiziba hiyo hiyo kwa lehemu. Sasa haidondoshi hata tone.

Fundi wetu mfupi, unamjua. Alipotaka kulijaribu gari, mguu haukufika kwenye breki, akashika kiti akivute mbele. Nikamfokea, "Kiache hapo hapo alipokiacha mwenyewe!" Nikampa mto ninaouweka mgongoni mimi nikiendesha.

Usinicheke. Viatu vyako siku hizi anavaa mwanao, na vinambana. Humu kwetu kilichobaki kwa kipimo chako ni kiti hicho tu.

Mimi mkeo.