Ukurasa wa Sista

Nyamongo,
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Sylvester,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichosema kiwe kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, ingawa anakula kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani, kijiko kimoja, anaangalia mlango, kijiko kingine. Shemeji Beatrice hajambo, yuko pale pale nyumbani Genkuru, analima. Watoto wako wanasoma. Yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka kama mzee wa baraza. Na wewe afande wa gereza unayeisoma barua hii kabla ya mwenyewe, shikamoo na wewe. Soma taratibu, mwandiko mzuri niliuacha kidato cha pili pamoja na hesabu.

Najua utashangaa kuona mkono wangu kwenye karatasi. Tangu nirudi kutoka Nairobi sijashika kalamu isipokuwa ya kusaini. Lakini haya ninayokuandikia nimeshindwa kuyaweka kwenye kioo cha simu. Kwenye kioo ningeyafuta. Nimeshayafuta mara nne.

Barua yako uliyompa padre ilifika. Mama nilimsomea yote isipokuwa mstari wa mwisho, ule uliosema, "Mwambieni Simioni anisubiri. Mwezi wa tatu siyo mbali." Kaka, mimi nakujua. Ulipigana kwa ajili ya hatua tatu za mpaka wa shamba, wakakupa miaka miwili. Kwa ajili ya mdogo wetu Nyangwine hutaishia kwenye ngumi. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujaufikia mlango wa jirani yetu Simioni, unisikilize mimi kwanza. Na itabidi nijisifu kidogo, maana bila kujisifu habari hii haisimuliki.

Unajua kwamba kuanzia Sirari mpaka Mto Mara hakuna fundi wa tovuti anayenifikia. Wapo vijana wa Tarime mjini wenye vyeti vya kutundika ukutani, lakini waulize nani aliitengeneza ile ya gesti ya Nice, yenye maua yanayodondoka toka juu mpaka mteja anasahau kuuliza kama vyumba vina maji. Mimi. Ya kwaya ya parokia, ambayo ukiifungua tu sauti ya kwanza inakurukia mpaka unadondosha simu. Mimi. Ya saluni ya Precious, ambako niliwapaka wateja kwenye picha rangi za midomo ambazo hawakuja nazo, wakafurahi. Yule Mkenya aliyenifundisha kazi, kwenye chumba cha kompyuta nilichokuwa nafagia, alisema nina jicho. Hakusema nina akili, nakubali. Alisema jicho.

Wazo la Zizi la Mtandaoni lilikuja siku ile ile uliyopelekwa ndani. Pale nje ya mahakama, ukiwa na pingu, uliniambia neno moja tu: ng'ombe wangu uwaangalie. Mtu mwingine yeyote angechukua fimbo. Mimi nikachukua simu. Fimbo nilimwachia Nyangwine, nikamwambia mlinzi wa siku hizi ni picha. Kila ng'ombe wa kata yetu awe na ukurasa wake, apigwe picha pande zote mbili, alama zake zionekane, masikio yake, kovu lake. Akiibiwa akaonekana mnadani, hata kule Kenya, mtu afungue simu na kusema huyu ni wa fulani. Ng'ombe awe na kitambulisho kama binadamu. Kaka, usiniambie wazo hilo lilikuwa baya. Hata leo naliona zuri, na hilo ndilo linaloniua.

Nikaanza na wako, wawe mfano. Wengine wakaandikisha majina tu, wakisubiri waone.

Uzinduzi tuliuweka Jumapili ya tarehe ishirini Oktoba, baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Nilitaka uwe mkubwa. Diwani alikuja. Kwaya ilikuja. Nilikodi jenereta na projekta, nikatundika shuka jeupe la shemeji kwenye goli. Nikawachapishia wasaidizi fulana nyeupe, jina la Zizi kifuani, na mgongoni jina langu na namba ya simu. Nyangwine alikataa kuivaa. Alisema nguo hii inachafuka, kaka, mimi ni mtu wa zizini. Nikamwambia leo wewe si mtu wa zizini, leo wewe ni mfanyakazi wa kampuni. Akacheka, akaivaa. Alishika waya wa jenereta mchana wote kama ameshika kamba ya ndama.

Ng'ombe walifungiwa zizini ili kila mtu aje. Mama alikaa mstari wa mbele. Wa majirani aliyebaki nyumbani ni Simioni peke yake. Alisema mambo ya kuangalia ng'ombe kwenye shuka hayamhusu, na kwamba siku hiyo homa inamsumbua.

Nilikuwa nimefika kwenye picha ya tatu yowe lilipoanza kutoka upande wa kwetu. Aliyelipiga ni huyo huyo Simioni, kaka, na naomba neno hilo uliweke mahali. Watu wakakimbia na chochote walichokuwa nacho. Diwani akakimbia upande wa gari lake. Nyangwine aliachia waya na kuwapita wote, unamjua mbio zake. Mimi nilibaki nazima jenereta, nikiogopa projekta ya watu isiungue. Andika hilo pia kwenye hesabu zangu.

Walifuata nyayo mpaka karibu na mto. Waliokuwa nyuma wanasema vichaka vilikuwa vimewameza wote, wenye kukimbia na wenye kukimbiwa, huoni mtu, isipokuwa ile fulana. Iliwaka kama taa. Mshale ulimpata chini ya bega la kushoto. Alifika kwa mama akiwa amebebwa, roho imeshatoka. Nyayo zilipotelea kwenye maji.

Sasa sikiliza namna Simioni alivyotiwa hatiani. Zizini kulikuwa na ng'ombe tisa, walichukuliwa sita. Waliachwa watatu, na katika hao watatu yupo yule dume mnene, ambaye hata kipofu angemchagua kwa kumpapasa. Halafu wakamchukua Sista. Sista yule yule, mifupa inayotembea, ambaye mgeni akimwona anauliza kama ameshachinjwa. Wazee wakakaa baraza lao la ritongo, wakauliza swali moja: mwizi wa mbali anamjuaje Sista? Nani anajua kwamba ile mifupa inatoa maziwa? Na maziwa ya Sista miaka yote yamekwenda kwenye hoteli ya chai ya Simioni. Zizi lake liko hatua ishirini kutoka kwetu, na hakuibiwa hata kuku. Kwenye uzinduzi hakuja. Ikawa imekwisha. Yowe lake wakasema alilipiga makusudi, kwa kuchelewa, ili aonekane mwema. Alijaribu kuapa, wakamwambia anyamaze asije akawatia laana wote.

Tangu hapo hoteli yake haina mteja. Chai anaichemsha na kuinywa mwenyewe. Mkewe Efrazia amerudi kwao Kisaka na watoto, kwa sababu watoto walirushiwa mawe njiani. Jumamosi hii ritongo linakaa tena kumpa siku ya kuhama. Wapo wanaosema kwa nini ahame, asubiriwe Sylvester atoke.

Wiki iliyopita alikuja ofisini kwangu. Alitembea kutoka Genkuru kwa miguu, maana hakuna bodaboda inayombeba. Amekonda, kaka, amefanana na Sista. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, kofia magotini, akaangalia kompyuta kwa muda mrefu kama mtu anayemwangalia daktari. Halafu akaniambia, "Mura, kijana wangu, wewe una hiyo mashine inayojua kila kitu. Iulize ni nani aliyetuuza."

Nikamwambia mtandao uko chini.

Akasema basi atasubiri. Akasubiri, kaka. Alikaa mpaka nilipofunga ofisi, hakuomba hata maji. Nilikuwa nabonyeza bonyeza vitufe ili nionekane nahangaika. Alipoondoka alinishukuru kwa kujaribu.

Nitaisema kweli sasa, na wewe afande ukitaka kuniita shahidi, naitwa kama ilivyo hapo chini.

Mashine ilishajibu. Ilijibu jioni ile ile ya msiba, wakati watu wanalia nje na mimi nimejificha na simu nyuma ya ghala. Wale sita walioibiwa ndio sita niliowapiga picha. Wale watatu walioachwa ndio ambao chaji ya simu iliisha kabla sijawafikia, nikasema nitawamalizia siku nyingine, sikuwamalizia. Hakuna Simioni anayechagua ng'ombe kwa kufuata chaji ya simu yangu.

Na Sista nilimwandikia maneno mwenyewe, kwa sababu picha yake ilikuwa inaharibu ukurasa. Niliandika hivi: "Usidharau mwili wake. Huyu ndiye malkia wa zizi, lita kumi na mbili kwa siku, hana mfano Mara nzima." Mimi na wewe tunajua siku ya furaha sana anafika lita saba. Nilimpamba kama nilivyowapamba wateja wa Precious. Ukumbuke nilimtuma padre akuambie, kwa majivuno, kwamba ukurasa wa Sista umefunguliwa mara thelathini na nane kabla hata ya uzinduzi, na kwamba bila shaka ni Wazungu. Hawakuwa Wazungu.

Niliweka ramani pia, ukibonyeza inakuleta mpaka mlango wa zizi. Niliandika kwamba mwenye ng'ombe hayupo kwa muda. Na juu kabisa, kwa herufi nyekundu zinazowaka na kuzima, kazi ambayo nilikesha kuitengeneza, niliandika kwamba Jumapili ya tarehe ishirini, saa sita mchana, watu wote wa Genkuru watakuwa uwanjani.

Mimi ndiye niliyewauza, kaka. Niliwauza bure, kwa rangi nzuri. Na yule aliyewakimbilia wezi nilimvika nguo ya kumwonyesha.

Lakini kosa la ujinga labda Mungu na wewe mngelipima. Hili la pili sioni wa kulipima. Ni miezi mitatu na nusu nimenyamaza. Nilikaa kwenye ritongo nikasikia jina la Simioni, watu wakanigeukia mimi, msomi wao, wakaniuliza naonaje, nikasema inawezekana. Neno moja tu hilo, inawezekana, na Efrazia akafungasha vyombo.

Tovuti nimeifuta. Hii barua haina pa kubonyeza ili ifutike, ndiyo maana leo hii nampa padre mkononi, nisipate nafasi ya kufikiri. Jumamosi nitasimama mbele ya wazee niseme haya haya. Nasema nitasimama, na wewe unajua mimi ni mtu wa kusema. Miguu yangu siijui. Lakini ikinishinda, wewe utakuwa umeshajua, na ukishajua wewe siwezi tena kujificha nyuma ya mtu aliyekonda. Mama bado hajui. Kila asubuhi anakwenda kusimama kwa ndama wa Sista, anamwambia mama yako anarudi. Sijui nitaanzia wapi kwa mama.

Nisalimie wenzako wote humo ndani, hasa yule mzee wa Kisaka uliyesema anakusukia kikapu. Padre nimempa sabuni na dawa ya kikohozi. Shemeji Beatrice anakusalimu, watoto wanakusalimu, na mama anasema ule, usiache chakula kwa ajili ya mawazo.

Ukitoka mwezi wa tatu, nakuomba kitu kimoja, na ndicho cha mwisho ambacho nina uso wa kukuomba. Ukishuka Nyamongo usipitilize kwenda Genkuru. Kwa Simioni hakuna deni lako. Shuka hapo kwenye stesheneri, ingia uchochoro, mlango wangu ni ule wa kijani, wa tatu mkono wa kulia. Njoo na hasira yako yote, usiimwage njiani. Nitakuwa nimekaa, na mlango sitaufunga.

Ni mimi mdogo wako,

Nchagwa