Mama mkwe amenikuta sakafuni

Shosti, aibu niliyoipata leo hata sijui nianzie wapi.

Si unamjua yule mbwa niliyemchukua, aliyekuwa anapigwa? Wiki ya tano hii anaishi chini ya sinki. Daktari wa mifugo akaniambia nilale sakafuni kila siku, nimpe mgongo, nimsomee chochote kwa sauti ya chini, ili anizoee.

Basi nimelala zangu jikoni, namsomea maelekezo ya mashine ya kufulia. Mama mkwe huyo, kaingia bila hodi.

Alidhani nimekufa!! NIMEKUFA! "Jamani, mke wa mwanangu!" Sufuria aliyoshika ikaanguka, kelele nyumba nzima.

Nikasema basi, wiki tano zimekwenda na maji.

Mbwa katoka mbio kule chini, moja kwa moja kuja kujibanza kwapani kwangu. Kwangu mimi! Anatetemeka mwili mzima.

"Inuka basi, mwanangu."

"Siwezi, mama."

Nimechoka, shosti, mgongo hoi. Hapa nakuandikia kwa mkono mmoja. Ule mwingine umekufa ganzi, mbwa bado kaulalia.