Jina Lililongoja Kompyuta Iamke

Kaka Salimu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utasema dadako Zainabu ameota mapembe.

Mkeo amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana masikio yako, maskini. Eda yake ikaishia hapo hapo, kama ilivyo kwa mjane mwenye mimba, na Likoni nzima ikaja kumwona. Nilicheka na watu. Kisha nikaingia chooni nikalia, maana wewe ndiwe ungemwadhinia sikioni.

Sasa nikueleze habari ya kompyuta yako. Alasiri ile uliifunika ikalala, hukuizima, ukasema unakwenda kuswali unarudi. Ukaanguka msikitini, na moyo ukasimama kabla hatujakufikisha hospitali. Asubuhi yake ulikuwa umemtania wifi: "Jina la mtoto nishalichagua. Naliandika humu, utalisoma akizaliwa." Basi wifi akaishika kauli hiyo. Hakukubali mtu aichomoe kwenye stima. Stima ikipotea, alikaa akikitazama kile kitaa cha betri mpaka irudi.

Na mimi nilijua asichokijua yeye. Kompyuta yako ilikuwa na ugonjwa ule ule tuliokuwa tukiuwinda pamoja ofisini Changamwe: mashine ikilala kisha ikiamshwa, kioo huamka, maandishi huamka, lakini diski haiamki. Kilichohifadhiwa diskini utakitoa siku yoyote. Kilichoandikwa tu bila kuhifadhiwa, mashine ikigoma, kimekwenda. Na wewe, kaka, ulikuwa mtu wa kuhifadhi lini?

Ugonjwa nimeupata. Niliutafuta kwa mashine ya ofisini, nailaza, naiamsha, sikio nimeliweka ubavuni mwake kama ulivyonifundisha: "Sikiliza kwanza, Zainabu, kusoma baadaye." Diski ilikuwa ikianza kuzunguka vizuri tu. Draiva, ile programu inayoiendesha, ndiyo yenye pupa. Inaiuliza diski kabla haijashika kasi, ikikosa jibu inaihesabu imekufa, na haiulizi tena. Nikaiongezea subira kidogo. Ikaamka. Nikageuka nikuite.

Lakini dawa hiyo huingizwa kwenye mashine iliyo macho. Yako ililala na draiva ile ya zamani, na kuiamsha ni mara moja, hakuna ya pili. Nikamwambia wifi wazi: tutasoma kilicho mbele ya macho yetu, basi. Akasema, "Fungua."

Tukaifungua siku ya saba, kabla ya akika. Kioo kikawaka. Diski ikavuma, ikanyamaza. Maandishi yako yalikuwa pale: "Akiwa mwanamume, Athumani. Akiwa mwanamke," halafu mkato wako, na alama inapepesa. Hapana kingine.

Hukuwa umechagua, kaka. Ulitudanganya, ukaenda kuswali ukiwa bado unafikiri. Nilikukasirikia, wallahi. Nilikukasirikia kama ndiyo kwanza umekufa.

Wifi hakulia. Alimpakata mtoto, na kwa kidole cha mkono uliobaki akaandika pale ulipoachia: Salma. Herufi moja moja, kwa kuwa hajazoea. Alitafuta jina lililo karibu na lako. Akaniuliza, "Sasa naihifadhi vipi?" Nikamwonyesha kitufe, ingawa nilijua diski haitajibu. Akabonyeza. Mashine ikaenda kuiuliza diski, ikaganda hapo hapo, maneno yako na jina lake yakiwa yamesimama pamoja kwenye kioo. Tulikaa tukiyatazama mpaka mtoto alipolilia ziwa. Ndipo nikaizima.

Nimeiwasha tena leo. Athumani hayumo, Salma hayumo. Nimeitia draiva mpya, inalala na kuamka vizuri sasa, na sina raha nayo.

Nakuahidi mambo mawili. Kila mashine uliyoiacha na ugonjwa ule nitaitibu. Na Salma akikua nitamwambia kwamba jina lake liliandikwa na wazazi wake wote wawili: baba alianza, mama akamalizia, na shangazi yake aliona kwa macho yake.

Lala, kaka. Nitakuja kaburini naye, akishaweza kutoka.

Dadako,
Zainabu