Maziwa Kabla ya Asidi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesoma taarifa ya asubuhi redioni, kisha nimekwenda mtaa wa Kampemba. Mdogo wangu Didier, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, anaosha bwawa la kuogelea kwenye nyumba ya wageni ya Madame Solange. Maji ameshayatoa. Lipu nyeupe imeshika madoa ya kijani. Ataisugua kwa asidi. Kiangazi ndio wakati wake. Mvua zikianza, maji ya ardhini huweza kulinyanyua bwawa tupu na kulipasua.
Maski aliyonunua bado imo kwenye plastiki yake.

Jumanne, 5 Agosti
Ameanza upande wa kina kifupi. Maji kwanza ndani ya ndoo, asidi baadaye. Anamwaga ukutani, anasugua, anasuuza. Lipu inatoa povu, inabaki nyeupe. Kazi safi. Lakini kabla ya kushuka alikunywa pakiti nzima ya maziwa, na maski hakuvaa.
Nilimwuliza. Akacheka.
"Yaya, maziwa njo masque ya kwetu. Papa alikuwaka anakunywa, si alizeeka?"
Baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Wafanyakazi walipewa maziwa kila zamu, na mji mzima ukaamini kwamba yanakinga kifua. Alizeeka, kweli. Alizeeka akikohoa. Nikamwambia hivyo.
"Weye journaliste wa redio, hata Javel ya kufulia unaogopa!"
Nikaondoka. Hasira.

Jumatano, 6 Agosti
Madame Solange ana arusi Jumamosi. Anataka bwawa lijae. Didier amemwaga klorini ya unga kwenye dimbwi lililobaki upande wa kina kirefu, kuua mwani. Kesho ataosha huko. Nimempigia simu: vaa maski. "Ndiyo, yaya." Ndiyo ya kunifukuza.

Alhamisi, 7 Agosti
Asidi ya Didier iliteremka na mteremko wa sakafu, ikaikuta klorini. Gesi inayotokea hapo ni nzito. Hukaa chini.
Nilipofika, Didier alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ukutani. Bila maski. Mlinzi, Papa Ilunga, alikuwa anataka kushuka na pakiti ya maziwa mkononi. Nilimshika shati. Wangekuwa wawili. Tukarusha kamba. Didier akajifunga mwenyewe, sijui kwa nguvu gani. Tukavuta.
Hospitali. Oksijeni. Daktari anasema mapafu yameungua. Kama yatapona yote, hajui.

Ijumaa, 8 Agosti
Shangazi ameleta katoni ya maziwa. Jirani naye. Sikubishana.
Nimeripoti ajali za malori ya asidi barabarani mara nyingi, bila hofu. Leo naogopa.
Didier amesema sentensi moja, kwa vipande: "Madame asitafute mutu mwingine."
Madame ameshampata. Sikumwambia.

Jumatano, 13 Agosti
Ametoka hospitali. Nimemwambia kuhusu Madame. Akageukia ukuta. Daktari hamruhusu kugusa asidi wala klorini tena. Kazi nyingine haijui. Anasema kifua chake kizima, ni sisi tunaomfanya mgonjwa.

Jumapili, 24 Agosti
Baridi kidogo asubuhi. Tumekwenda misa kwa miguu, Didier na mimi. Njia ni fupi. Katikati ya njia akaketi kwenye ngazi ya duka, akihema. Mwenye duka akatoka, akamwuliza anatafuta nini.
"Hapana kitu, mama. Niko nangojea yaya yangu."
Nilikuwa nimesimama kando yake.